Barua ya wazi kwa wakunga vijana: sikilizeni anavyolia

Wanangu wakunga,

Nimestaafu na magoti yamegoma, ila masikio bado mazima, na ndiyo yaliyonituma niwaandikie. Nawaona mkiandika "mtoto amelia", kisha mnafunua ukurasa wa pili. Tangu daktari Virginia Apgar wa Marekani alipochapisha mwaka 1953 alama zake za kupima hali ya mtoto mara tu anapozaliwa, tumekuwa hodari wa kujibu kama mtoto amelia au hajalia. Namna alivyolia hatuiandiki popote.

Nianze na aibu yangu. Usiku mmoja, zamu imenielemea, mama mmoja aliyejifungua kwa upasuaji aliniita mara mbili. Mtoto wake alikuwa wa siku nne. "Sista, mwanangu analia kama mlango uliokosa mafuta. Jana hakuwa hivi." Nilimtazama mtoto kwenye taa hafifu, nikasema ni njaa, mnyonyeshe. Mtoto akalishika titi, akaliachia, akajipinda mgongo kama upinde na kutoa sauti nyembamba, kali, isiyo na kupanda wala kushuka. Niliisikia kabisa. Nikaenda kitanda kingine. Asubuhi tulipomfunua dirishani alikuwa wa manjano hadi nyayo. Alibadilishiwa damu, akapona, lakini usikivu wake haukurudi.

Mkielewa kilio kinavyotengenezwa, hamtakipuuza. Pumzi hutoka mapafuni, ikapita kwenye nyuzi za sauti, na wa kuzikaza au kuzilegeza nyuzi hizo ni neva zinazotoka kwenye shina la ubongo, palepale panapoendesha kupumua na kunyonya. Kwa kawaida nyuzi za mtoto mchanga hutetema kama mara 400 hadi 600 kwa sekunde. Ubongo ukiwa umeudhika, kwa manjano iliyozidi, kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa sukari kushuka au kwa homa ya uti wa mgongo, nyuzi huweza kukazwa mno na sauti ikapaa, wakati mwingine ikavuka mara 1,000. Ndiyo ile tunayoiita kilio cha kuchoma masikio.

Ziko sauti nyingine. Kilio kizito, cha mkwaruzo, kwa mtoto mzubavu anayesinzia muda wote na choo chake ni kigumu, kiwafikirishe kwamba tezi ya thairoidi, ile ya shingoni, haifanyi kazi yake sawasawa. Akianza dawa katika wiki mbili za mwanzo, ubongo wake huokolewa, na ndiyo maana pale penye kipimo cha damu ya kisigino msikiruke. Kilio kama cha paka mdogo alikieleza daktari Jérôme Lejeune wa Ufaransa mwaka 1963: kipande cha kromosomu ya 5 kimekatika, na zoloto la mtoto limejengeka tofauti. Na kilio dhaifu, cha kukoroma koroma, kisichoamka hata ukimkuna nyayo, hicho mimi hukiogopa kuliko makelele yote.

Sitaki mkatishe wazazi tamaa, maana kilio peke yake hakijawahi kutoa hukumu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia sauti yake huwa juu kidogo, na mtoto mzima kabisa huongeza kulia wiki hadi wiki, kilele kikiwa karibu wiki ya 6, hasa jioni, kisha hupungua kufikia miezi mitatu au minne. Mwambieni mama hivyo kabla hajatoka wodini. Mwambieni na baba, kwa sababu hapo ndipo watu huchoka wakamtikisa mtoto, na kumtikisa huvujisha damu ubongoni. Akizidiwa amlaze chali mahali salama, atoke nje avute pumzi.

Halafu kuna jambo linalonifurahisha hadi leo. Mwaka 2009 mtafiti Kathleen Wermke na wenzake walichapisha matokeo ya kurekodi vilio vya watoto 60 wa siku chache, nusu Wafaransa, nusu Wajerumani. Wafaransa walipandisha sauti kuelekea mwisho, Wajerumani wakaishusha, kama lugha za mama zao zinavyokwenda. Mtoto hajaona jua wiki nzima, na tayari ubongo wake unaigiza lafudhi aliyoisikia tumboni! Kwa hiyo kilio chenye mawimbi, kinachopanda na kushuka na kupumzika, kinatuambia mengi mazuri pia.

Basi ombi langu ni dogo. Mnapopokea zamu, muulizeni kila mama: "Huyu kawaida analiaje?" Andikeni jibu lake kwa maneno yake mwenyewe, hata kama ni mlango uliokosa mafuta. Akisema kimebadilika, mfunueni mtoto mwangani, mguse utosi kama umevimba, mtazame anavyonyonya, pima sukari na manjano, na mwiteni daktari usiku huohuo, hata akinuna.

Bibi yenu,
mkunga mstaafu