Risala ya Kikundi cha Wanaoishi na Homa ya Ini B kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa dini na serikali, madaktari wetu, ndugu wanachama,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha Julai 28, Siku ya Homa ya Ini Duniani, na wewe kwa kuja mwenyewe. Mwaka jana mgeni alituma mwakilishi, na mwakilishi akatuma salamu.

Tulianza watu 9 chini ya mwembe. Leo tuko 31, tuna katiba, akaunti ya benki na viti 20 vya plastiki, hivyo mlivyokalia. Ni hatua kubwa mno.

Mheshimiwa, vidonge vya tenofovir huvilaza virusi, haviviondoi. Virusi vimejichimbia ndani ya ini. Ukiacha dawa, huweza kuamka. Ndiyo maana tunafuatilia majaribio ya dawa mpya. Sindano ya bepirovirsen huchomwa kila wiki kwa wiki 24. Katika matokeo ya mwaka 2022, kundi lililofanya vizuri lilikuwa na takriban mtu 1 kati ya 10 ambaye damu yake ilibaki safi miezi sita baada ya sindano ya mwisho. Ni wachache, ila sisi tungependa kuwa miongoni mwao.

Hatuendi kichwakichwa. Mwaka 1993 kule Marekani, jaribio la fialuridini, dawa ya homa ya ini B, liliua wagonjwa 5 kati ya 15. Tutataka fomu ya ridhaa ya Kiswahili, isomwe hadi mwisho.

Lakini mtafiti hamchukui mgonjwa asiyejulikana wingi wa virusi vyake. Hapo ndipo tulipokwama. Hospitali yetu ina mashine ya GeneXpert, ile ya kifua kikuu. Hiyo hiyo hupima virusi vyetu ikiwekewa katriji yake, yaani kikasha cha kipimo kinachoingizwa ndani ya mashine. Katriji tuliahidiwa miaka miwili iliyopita, "ndani ya miezi mitatu", tukapiga makofi na picha. Picha zipo. Hadi leo sampuli husafiri kwa basi hadi jijini kwa gharama ya mgonjwa. Mwenzetu mmoja aliuza mbuzi wawili. Majibu yakarudi na jina la mtu mwingine.

Tunaomba katriji za kuwapima wanachama wote 31, na orodha yetu ifikishwe kwa watafiti wa NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Faili la ahadi limejaa, Mheshimiwa, hivyo safari hii tunaomba tarehe. Katibu ameshika kalamu.

Tunaomba kuwasilisha.