Usingoje Desemba

Uyole, Mbeya
14 Julai

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi. Huku sisi wazima, baridi tu ndiyo inatusumbua. Hofu ni kwako na watoto huko Iringa.

Kwenye simu ulisema tungoje Desemba ndipo twende Ziwa Nyasa. Rehema, usingoje. Jana nimerudi Matema na bado nahisi mchanga kwenye viatu.

Nilitoka hapa alfajiri na sweta na kitenge juu yake. Tukuyu, katikati ya chai na migomba, nikavua kitenge. Kufika Ipinda, kakao imeanikwa barazani, nimebaki na fulana. Sisi Mbeya tuko juu, kama mita 1,700. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi. Ndiyo maana Julai yao si Julai yetu.

Ila mwezi huu lazima ujue mwera, upepo mkali wa ziwani. Asubuhi maji yametulia, milima ya Livingstone imesimama palepale ufukweni, ndio wakati wa kuoga. Jua likipanda upepo unaanza, na mchana wavuvi wanavuta mitumbwi nchi kavu. Kwenye mawe niliinamisha uso majini nikaona visamaki vya buluu vyenye milia, vinakwangua ukoga. Ziwa hili lina mamia ya aina zake, nyingi hazipatikani kwingine duniani. Nilikaa hapo mpaka vidole vikakunjamana. Midomo ya mito tu ndiyo usiisogelee, kuna mamba. Waulize wenyeji kwanza.

Mchana nilikwenda Ikombe kwa Wakisi, wafinyanzi wa vyungu. Mama mmoja alikuwa amekalisha udongo kwenye kigae, mkono mmoja unakizungusha, mwingine unainua ukingo, taratibu, bila kuangalia. Ulipokaa sawa akaupitishia kitambaa kibichi mdomoni, ukang'aa kama umepakwa mafuta. Nimeona vyungu vya Kikisi sokoni tangu utotoni, sikuwahi kujua vinazaliwa hivyo.

Usiku samaki mbasa wa kuchoma na wali wa Kyela. Hapo sina la kuongeza.

Masika nako watu wanakwenda, wakivumilia matope, na miezi hiyo ya mvua ndiyo maua ya hifadhi ya Kitulo yanachanua huku juu. Siku nyingine kungu, wale wadudu wadogo wa ziwani, wanapanda kama moshi. Mimi naona hakuna mwezi wa kuliacha ziwa lile; kuna mwezi wa kubeba mwavuli tu.

Nilimwagiza yule mama chungu chako cha maharage. Akaniuliza mdomo uwe mpana kiasi gani, nikamwonyesha kwa mikono, sijui kama nimepatia. Nimelipa nusu. Atakileta gulioni Lyulilo, karibu na Matema, Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, nami nimemwambia mwenyewe atakuja kukichukua. Lala kwangu Ijumaa, na ubebe sweta.

Wako,
Neema