Ile skrini ya ukutani

Shoga yangu Salma,

Za siku? Mama na watoto hawajambo huko Mwanza? Sisi Dar tupo, joto ndo hivyohivyo. Najua nimekaa kimya tangu Idi, nisamehe bure, ila leo usingizi umegoma nikasema nikuandikie wewe maana wewe umekaa na hedseti kichwani miaka mitatu, huhitaji maelezo mengi.

Pale kazini, chumba cha kupokea simu za wateja, ilipokuwa kalenda wameweka tivii kubwa, majina yetu yote yanapanda na kushuka kama msimamo wa ligi. Ukimaliza koli chini ya dakika tatu unapata pointi, koli kumi mfululizo nyota, wa kwanza wiki hiyo anapewa vocha. Ukizidisha, jina linakuwa jekundu kila mtu anaona. Mwanzoni nilipenda, sikufichi, kazi yenyewe unaijua inavyochosha, kale kamlio ka nyota kakilia unasikia raha kabisa.

Sasa Jumanne kapiga mzee mmoja wa Newala, katuma laki na themanini ya salfa ya mikorosho kwenye namba siyo, kakosea tarakimu moja tu. Ananisomea mojamoja, anapotea, anaanza upya, nasikia kuku kwa nyuma na mtoto anaambiwa ashike tochi vizuri. Dakika mbili na sekunde arobaini. Nilikuwa na koli tisa Salma, imebaki moja. Nikamwambia mzee wangu piga tena ukiwa na namba kamili, nikakata. Kamlio kakalia, wenzangu wakapiga makofi.

Jioni roho ikanisuta nikaingia kwenye rekodi. Alipiga tena, akakaa kwenye foleni dakika arobaini, alipopokelewa yule aliyeingiziwa hela alishaitoa. Wewe unajua, hela ya kukosea namba ni kukimbizana tu, ikishatolewa imekwenda. Tangu siku hiyo ile tochi haitoki kichwani.

Hamisi nilipomwambia akanitumia habari ya Marekani ya mwaka 2011, kule Disneyland California, wafua mashuka wa hotelini waliwekewa skrini kama hizi, kasi ya kila mtu inaonekana, wenyewe wakaziita mjeledi wa umeme na wengine wakawa hawaendi hata chooni. Nikamuwaza Da Rehema na mimba yake ya miezi saba, wiki iliyopita kajibana mpaka machozi yanamtoka kwa kuogopa kuiangusha timu. Hakuna bosi aliyemkataza kwenda, ndo kinachoniuma. Sisi wenyewe ndo tulikuwa tunamwangalia.

Wanasema ni mchezo tu. Mbona rede ukichoka ulikuwa unatoka, unakaa zako chini ya mwembe na hakuna anayekukata posho? Na ile skrini inahesabu sekunde kwa sababu sekunde ni rahisi kuhesabu, mzee kupata hela yake haihesabu popote, yaani ningemsaidia mpaka mwisho ningekuwa mwekundu.

Sasa kilichonifanya niandike, timu lida kaniita, anataka niwe nahodha wa ligi ya mwezi ujao, kuna laki moja juu ya mshahara, kazi yangu kusukuma walio mkiani, Rehema akiwemo. Jibu Ijumaa. Ada ya Junior unaijua ilivyo.

Wewe ungefanyaje? Nikubali halafu niombe waweke pointi za tatizo kuisha badala ya muda, unadhani watanisikia nikiwa ndani au nikikataa? Ule muda wa chooni uliusimamiaje ulipokuwa mwakilishi wetu, uliandika barua au ulienda kwa mdomo? Nakala unayo bado? Na yule mzee, namba yake ipo kwenye rekodi ila kumpigia nje ya kazi ni kosa, nimpigie? Nimwambie nini?

Nijibu kabla ya Ijumaa, hata voisi noti.

Wako,
Mwana