Heri ya Siku ya Wazalendo kutoka Concord

Wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo.

Aprili huku Massachusetts ni mwezi wa matope. Theluji imeyeyuka, Mto Concord umefura, na usiku vyura wanapiga kelele hata ukifumba macho unadhani uko nyumbani, masika. Jumatatu ya tatu ya mwezi ni sikukuu. Boston wanakimbia marathon (nanyi mko mbele ya runinga mnawangoja vijana wetu, nawajua), na mji wetu huu mdogo unakumbuka 19 Aprili 1775, siku vita vya Wamarekani kudai uhuru kutoka Uingereza vilipoanza.

Siku hiyo askari wa Uingereza wapata 700 walitoka Boston kuja kusaka silaha zilizofichwa hapa. Alfajiri, njiani Lexington, waliua wanamgambo 8. Kufika Concord, wakulima wakawakabili kwenye Daraja la Kaskazini, wakawarudisha nyuma. Hayo kila mtoto wa shule hapa anayajua.

Mimi, kabla ngoma za gwaride hazijaanza, hupanda kilima cha makaburi ya zamani katikati ya mji, kwenda kwa John Jack. Alikuwa Mwafrika, mtumwa katika nyumba ya fundi viatu. Akafanya kazi hiyo hiyo ya viatu, akadunduliza, akajikomboa kwa fedha zake. Alifariki Machi 1773, na umri wake waliukisia tu: kama miaka 60. Nilifuta ukungu kwa kiganja nikasoma jiwe lake: ingawa alizaliwa katika nchi ya utumwa, alizaliwa huru, ingawa aliishi katika nchi ya uhuru, aliishi mtumwa.

Aliyeyatunga maneno hayo ni Daniel Bliss, mwanasheria wa hapa hapa, mtu wa upande wa mfalme. Kilikuwa kijembe kwa majirani waliodai uhuru kwa sauti kubwa huku wakimiliki watu. Angekuwa mtu wa pwani angemnunulia mkewe kanga yenye jina la kuchoma. Yeye alichonga jiwe, na bado linachoma. Moto wa vita ulipokaribia kuwaka, alikimbilia kwa Waingereza. Mimi naona alimtumia marehemu kupigana vita vyake mwenyewe. Lakini alichosema ni kweli.

Basi, heri ya sikukuu, nyote. Gwaride limefika kona ya kwetu, filimbi nazisikia. Nitapiga simu mbio zikiisha, mnieleze nani kashinda.