Kabla hujamalizia hela ya kochi, mwambie fundi akuonyeshe fremu

Wanangu mnaoanza maisha hapa Dar, hamjambo? Mimi mzee wenu nimeshika randa pale Keko tangu ujana, saizi karakana nimewaachia vijana lakini bado nashinda pale pale mlangoni, nawaona mnavyokuja wawili wawili, simu mkononi, picha ya kochi la Uturuki, mnauliza "mzee hili bei gani", na mkishaondoka roho inaniuma kwa namna hela inavyowatoka. Ndo maana nawaandikia, nanyi mtumiane.

Hela yenu inapotelea ndani ya kitu, sehemu ambayo hamuioni. Mnabishana na fundi siku nzima kuhusu kitambaa, veluti ya kijani au ya kijivu, vifungo viwe vya dhahabu, halafu hakuna hata mmoja anayeuliza chini ya hiyo veluti kuna nini. Kuna mbao wanangu. Zinaweza kuwa mbao kavu zilizounganishwa vizuri, kichwa cha mbao kimechongwa kikaingia kwenye tundu la mwenzake na gundi juu, au zinaweza kuwa vipande vya makreti na paini mbichi vimepigiliwa misumari basi. Kwa nje yote mawili yanafanana kabisa, ila lile la pili mbao ikikauka inajipinda, maungio yanaachia, kochi linaanza kulia mtu akikaa na katikati linabonyea, mnarudi sokoni upya na hela nyingine.

Sasa fanyeni hivi. Ukitoa oda lipa nusu tu, halafu muulize fundi fremu itaisha lini, uje uione KABLA haijavishwa sponji na kitambaa. Fundi mkweli hatakataa, na ukisema tu kwamba utakuja, mbao utakazowekewa zinakuwa nyingine. Ukifika nyanyua pembe moja ya mbele kama nusu futi hivi, mguu wa pili wa mbele nao unatakiwa unyanyuke, ukibaki umekaa chini na fremu inajinyonga ujue hiyo haina maisha. Sponji nayo ibane kwa kiganja uiachie, irudi haraka, na ukipata vipande viwili vya saizi moja chukua kilicho kizito. Na godoro ni hivyo hivyo, watu wanasema nataka inchi 10 wakati inchi 8 la sponji nzito linalalika miaka mingi kuliko inchi 10 la sponji nyepesi. Makubaliano yaandikwe, hata kwa meseji ya WhatsApp, mbao gani, sponji inchi ngapi, tarehe gani, hela ya mwisho inatoka siku ya kuchukua mzigo.

Kwenye kitanda na kabati kuna mchezo wa rangi. Mninga ni ghali, kwa hiyo paini ya Mafinga inapakwa rangi ya mninga na vanishi juu, inang'aa, unalipishwa mninga. We chomoa droo uigeuze, chungulia nyuma na chini, rangi huwa haifiki huko, utaona weupe wa paini na vile vijicho vyake. Na sisemi paini mbaya, paini kavu iliyotiwa dawa ya wadudu inafaa sana kwa rafu na meza ya TV, ila lipa bei ya paini. MDF, zile mbao za unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, vile vile, nzuri na laini, lakini ikinywa maji inavimba na hairudi, kwa hiyo mnaokaa mabondeni ambako masika maji yanaingia ndani msiiweke chini, hasa jikoni.

Halafu kuna suala la wakati. Wiki za mwisho kabla ya Idi na Krismasi kila mtu anataka kochi jipya, fundi ana oda mpaka shingoni, anafanya kazi usiku, mbao haijakauka, vanishi haijakauka, na bei haishuki hata umlilie. Njoo Januari. Watu wako kwenye ada za shule, karakana kimya, fundi anahitaji kazi, atakusikiliza bei na atakuchongea kwa utulivu.

Wanangu, naomba sana msikope kausha damu kwa ajili ya sebule. Nimeona vijana wanachukua laki tano, wanarudisha laki saba, na kochi lenyewe linaanza kuchoka deni bado lipo. Chumba kinaweza kukaa na godoro, mkeka na jiko la gesi miezi kadhaa na ndoa ikawa salama kabisa. Chezeni mchezo wa kuchangishana hela kwa zamu na wenzenu mnaoaminiana, zamu yako ikifika nunua kitu kimoja cha maana, basi. Vyombo wala sina mengi, jikusanyeni watu watatu wanne mwende Kariakoo mchukue kwa jumla mgawane dazeni, na sufuria chukueni nzito hata kama ni chache.

Friji la mtumba angalieni vizuri. Bei ya kununua inavutia, ila likizeeka linaunguruma usiku kucha na kila siku linakula uniti za umeme, na kama uko kwenye ile tarifu ya TANESCO ya matumizi madogo, isiyozidi uniti 75 kwa mwezi, friji moja bovu linatosha kukutoa humo. Weka noti kwenye mpira wa mlango kisha ufunge, ukiivuta noti ikatoka kirahisi, baridi nayo inatoka. Fanicha ya mtumba ndo naipenda, wageni wanaomaliza mikataba Masaki na Oysterbay wakiondoka wanauza vitu vya mbao ngumu, unapiga msasa, vanishi mpya, unakaa nacho hadi wajukuu.

Jamani na vipimo. Chumba cha futi 10 kwa 10 ukiweka kitanda cha 6 kwa 6 umebakiwa na futi 4, kabati likikaa hapo mlango wake haufunguki vizuri. Tena wengi mnapanga, leo Mbagala kesho Kimara, agizeni kitanda cha kufungua kwa bolti, siyo cha gundi. Na kochi la L kabla hujaliagiza pima mlango wa mbele, pima na korido, maana kila siku naona kirikuu inarudi Keko na mzigo wake, mtu kalipa usafiri wa kwenda na wa kurudi na bado inabidi kochi likatwe. Mnaokaa ghorofani pimeni na kona ya ngazi.

Mzee wenu,
Keko