Tarishi wako bado yuko njiani

Mwanangu mpendwa,

Salamu kwanza. Sisi hatujambo, ila bibi yako ananung'unika kwamba hupigi simu.

Nimesoma ujumbe wako nikacheka. Unalalamika kuwa kwenye mchezo wenu wa vita uliamuru wapanda farasi wavuke daraja, mwamuzi akasema tarishi bado yuko njiani, na amri ilipofika daraja lilikuwa la adui. Unaita uonevu. Mimi naona huyo rafiki yako mwamuzi anaujua mchezo.

Tarishi huyo ana umri wa miaka mia mbili. Mwaka 1812, huko Prussia, ufalme wa zamani wa Wajerumani, Georg Leopold von Reisswitz alimpa mfalme Friedrich Wilhelm III meza kubwa ya mchezo wa vita, yenye vigae vya mito, mashamba na vijiji, unavipanga upendavyo. Kilikuwa kitu cha kifahari, cha kukaa ikulu. Aliyeupeleka mchezo kwa wanajeshi ni mwanawe, luteni wa mizinga, kwa kanuni alizotoa mwaka 1824. Vigae akaviacha, akatandaza ramani ya 1:8000, yaani sentimita moja mezani ni mita 80 ardhini. Kila zamu ni dakika 2 za vita. Vikosi ni vibao vidogo, vyekundu na vya bluu. Madhara ya risasi huamuliwa kwa dadu na majedwali, maana kikosi kilekile, kwa umbali uleule, hakilengi sawa kila mara.

Lakini utamu wote uko kwa mwamuzi. Kwenye bao kete za mwenzako unaziona zote. Hapa mmoja anaambiwa alinde daraja mpaka jeshi kuu lifike, mwingine hajui hata kama lina walinzi. Unaandika amri, unampa mwamuzi. Yeye anapima umbali, anahesabu farasi wa tarishi atatumia zamu ngapi, na mezani anaweka vile vikosi tu ambavyo mpinzani angeviona kwa macho. Ukijificha nyuma ya kilima, mezani hupo.

Jenerali Müffling, mkuu wa wanamikakati wa jeshi, alikuja kutazama bila hamu. Hadi mwisho alikuwa akisema huu si mchezo, ni mafunzo ya vita, na akaupendekeza kwa jeshi zima. Baadaye maofisa walichoshwa na majedwali, na mwaka 1876 ofisa mwingine wa Prussia, Verdy du Vernois, akataka mwamuzi aamue kwa uzoefu wake tu. Hapo mimi simo. Ondoa dadu, uone kama mwenye cheo kikubwa atashindwa hata siku moja.

Basi usimnunie mwenzako. Safari ijayo mwandikie kamanda wako wa farasi tangu mwanzo: ukiona vumbi upande wa mto, vuka, usingoje neno langu.

Ukija likizo njoo na kanuni zenu, mimi nachukua wekundu. Mjomba wako ameomba kuwa mwamuzi, lakini yule siri haikai naye hata nusu saa. Tafuta mwingine.

Mama yako