Barua kwa mwanangu anayetaka kubobea katika mimba hatarishi

Mwanangu mpendwa,

Umeniambia umeamua: ukimaliza udaktari utabobea katika mimba hatarishi. Nimefurahi mno, na ndiyo maana nakuandikia kazi yenyewe ilivyo, kwani ukiisikia kwa mbali utadhani ni kazi ya mashine. Mashine zipo. Lakini kila utakachojifunza kitakurudisha kwenye swali moja: huyu mtoto aendelee kukaa tumboni, au atolewe leo? Ukimtoa mapema mno, mapafu yake hayako tayari. Ukichelewa, unaweza kumkosa yeye, mama yake, au wote wawili.

Njia ni ndefu. Katika nchi nyingi shahada ya udaktari ni miaka 5 au 6, kisha mafunzo kwa vitendo mwaka mmoja hivi, kisha ubingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake, kisha ubobezi wa miaka 2 au 3. Marekani ubingwa huchukua miaka 4 na ubobezi 3. Uingereza ubingwa peke yake ni kama miaka 7. Usitarajie kumaliza kabla ya miaka 11.

Miaka ya ubingwa ndiyo wengi huipitia wakitazama saa, wakingoja kukabidhiwa utrasaundi. Usifanye hivyo. Kaa leba. Jifunze kutoa kondo la nyuma lililokwama, kushona mlango wa kizazi uliochanika, kumzalisha mtoto aliyetanguliza matako, kuzuia damu inayomwagika. Siku utakayosema "tuanzishe uchungu" au "tupasue", uwe unajua kwa mikono yako unawaomba wenzako wafanye nini. Kaa pia na madaktari wa moyo, figo na kisukari, kwa kuwa wajawazito wengi utakaowahudumia walikuwa wagonjwa kabla ya mimba.

Anza na presha, jambo dogo linaloharibiwa kila siku. Mama akae kwenye kiti, mgongo umeegemea, nyayo zote chini, apumzike dakika 5 bila kuzungumza. Mkono uwe usawa wa moyo. Mkanda ukiwa mdogo kwa mkono mnene, utasoma presha kubwa kuliko iliyopo. Akilala ubavu nawe ukapima mkono wa juu, utasoma ndogo, umrudishe nyumbani mtu wa kulazwa. Ikifika 140/90 baada ya wiki 20, rudia kupima, angalia protini kwenye mkojo, pima damu kuona chembe sahani (zile zinazosaidia damu kuganda), ini na figo. Ikifika 160/110 na ikawa bado hapo baada ya dakika 15, mama anahitaji dawa ya kuishusha ndani ya saa moja, wala hangoji majibu ya maabara. Kinachoogopwa hapo ni mshipa kupasuka kwenye ubongo.

Magnesiamu salfeti uijue kama jina lako. Utafiti mkubwa wa Magpie, uliochapishwa 2002, ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Dozi ya kuanzia kwenye mshipa ni gramu 4: ukiwa na dawa ya asilimia 50, chukua mililita 8, ongeza maji ya sindano mililita 12, upate mililita 20, uisukume polepole kwa dakika 5 hadi 20. Ile ya asilimia 50 haiingii kwenye mshipa bila kuzimuliwa. Kisha gramu 1 kila saa kwa dripu, au, ukitumia sindano za misuli, gramu 10 mwanzoni (5 kila tako) halafu gramu 5 kila saa 4, kwa saa 24 tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho. Kila mara kabla ya kuongeza dozi, gonga kwa nyundo chini ya pia ya goti uone mguu ukiruka, hesabu pumzi zisipungue 16 kwa dakika, pima mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Mkojo una maana kubwa, kwa sababu figo ndizo zinazoitoa dawa hii mwilini. Goti hukaa kimya kabla pumzi haijazimika, na huo ndio muda wako wa kusimamisha dawa. Kalsiamu glukoneti gramu 1, dawa ya kuikabili magnesiamu ikizidi, iwe imewekwa tayari pembeni ya kitanda. Kosa ninaloliogopa zaidi, hata hivyo, ni daktari kuihofia dawa yenyewe, akatoa nusu dozi au asitoe kabisa.

Sindano za kukomaza mapafu ya mtoto zinatokana na kazi ya madaktari Liggins na Howie, New Zealand, 1972: betamethasoni miligramu 12 mara mbili, saa 24 kati yake, au deksamethasoni miligramu 6 mara nne, kila saa 12. Zinafaa hasa mtoto akizaliwa kati ya saa 24 na siku 7 baada ya mama kuchomwa. Anayezitoa mapema ili tu awe na amani ya moyo huzipoteza, na kwa mama mwenye kisukari sukari itapanda siku zinazofuata; ipangie insulini kabla haijapanda.

Utrasaundi ya mtiririko wa damu kwenye kitovu huonyesha safu ya vilima. Kila kilima ni pigo la moyo wa mtoto, na baina ya vilima bonde lisiguse mstari wa chini, kwa kuwa kondo zuri hupokea damu hata moyo unapopumzika. Mishipa ya kondo ikiziba, bonde hushuka, kisha hugusa mstari, mwisho damu hurudi nyuma. Mtoto aliyedumaa ambaye bonde lake limegusa mstari, wengi humzalisha wiki ya 33 hadi 34. Damu ikirudi nyuma, wiki ya 30 hadi 32. Kabla ya kutoa uamuzi huo rudia kipimo, maana mtoto akitikisika au akivuta pumzi vilima huvurugika.

Mapacha: kabla ya wiki 14 andika kama wana kondo moja au mawili. Baadaye ni vigumu kujua, na wenye kondo moja wanahitaji kupimwa kila wiki 2 kuanzia wiki ya 16, kwa kuwa mmoja anaweza kumnyonya mwenzake damu.

Utatoa habari mbaya mara nyingi kuliko wenzako. Kaa chini, zima skrini, sema neno lenyewe: "Moyo wa mtoto umesimama." Usiseme "hatuoni vizuri." Kisha nyamaza, mwache alie, usikimbilie kueleza.

Na unapotafuta chuo cha kubobea, usivutwe na orodha ya mashine. Uliza wanapokea wajawazito wangapi wenye hali ngumu, kama wana wodi ya watoto njiti jengo hilohilo, na usiku wa manane ni nani anayesimama pembeni yako unapoamua. Majibu utakayopata niandikie, tuyasome pamoja kabla hujasaini.

Mzazi wako